Darubini Aliyoichagua Chausiku

Huko juu ya Mkuyuni, ukipanda mlima mpaka magoti yaombe radhi, aliishi mfinyanzi mmoja, Chausiku binti Kibwana. Vyungu vyake vilijulikana mpaka mjini Morogoro. Mtu akitaka chungu cha maharage ambacho atakuja kumwachia mkwewe, aliambiwa, nenda kwa Chausiku, ila nenda na adabu zako, maana yule mama hapunguzi bei na hapunguzi maneno.

Kusoma hakusoma. Enzi za kisomo cha watu wazima alihudhuria siku tisa. Siku ya kumi akagombana na mwalimu aliyemwambia kalamu hushikwa kwa vidole vitatu. Akasema yeye ameshika udongo kwa vidole kumi tangu kuvunja ungo na haujawahi kumkimbia. Akaondoka. Alichobakiwa nacho ni kuandika jina lake na kusoma herufi kubwa za kwenye magunia, na hicho akakiona kinatosha.

Tena mwanamke huyu alikuwa hajui kusema "nimekosea". Si kwamba hakukosea. Alikosea kama wenzake, ila kosa likishamtoka mkononi alilipa jina jingine. Chungu kikipasuka motoni, kuni zilikuwa mbichi. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, chumvi ya siku hizi si chumvi. Watu wa nyumbani walimzoea, wakacheka pembeni, na mdogo wake Mansuri ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mansuri walizaliwa naye tumbo moja. Yeye ndiye aliyekuwa na bunduki ya ukoo. Bunduki yenyewe ilikuwa rifle ya zamani, mali ya mjomba wao aliyekuwa askari wa bwana nyama wakati wa Mwingereza. Kwa Waluguru mali ya namna hiyo haiendi kwa mtoto wa mtu, huenda kwa mtoto wa dada yake. Mjomba alipokufa ikaja kwa Mansuri, na Mansuri akizeeka itakwenda kwa Salehe, mtoto wa Chausiku. Watoto wa Mansuri mwenyewe waliiangalia tu ukutani kama watu wanaoangalia mahari ya mwenzao.

Bunduki ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Si kwa nyama. Wao ni Waislamu, na mnyama aliyekuja shambani ni nguruwe. Lakini nguruwe pori hali mahindi akashiba akaenda zake. Hula hindi moja, akalalia mashina ishirini. Kundi moja likiingia mara mbili, nyumba nzima itakula mihogo mpaka msimu mwingine. Basi kila mahindi yalipoanza kubeba, Mansuri alipanda kwenye dungu lake, kile kichanja cha miti cha kulindia, akakaa huko na risasi zake tano. Tano, basi, ndizo kilizoruhusu kibali. Risasi ikipotea, imepotea.

Mwaka huo, mwaka wa pili au wa tatu tangu ruksa ya bidhaa za nje ianze, alikosa mara tatu.

"Dada," akamwambia Chausiku, "macho yananiacha. Ya karibu naona vizuri, hata sindano nitakutungia uzi. Lakini ng'ambo ya korongo naona moshi. Nguruwe ni moshi, kisiki ni moshi, na wewe ukipita kule ni moshi."

"Mimi sijawahi kuwa moshi."

"Moshi wenye kelele, basi."

Wakacheka. Kisha Mansuri akamweleza. Askari mmoja wa magereza ya Kingolwira alimwambia kwamba siku hizi zinapatikana darubini za kufunga juu ya bunduki. Ukichungulia humo, nguruwe wa ng'ambo ya korongo anakuja karibu mpaka unatamani kumvuta sikio. Ziko kwa mafundi wa mjini, vitu vinaingia sasa, nchi imefunguliwa. Angekwenda mwenyewe, lakini jembe lilikuwa limemkata mguu na kidonda kilikuwa hakijafunga.

"Unakwenda na vyungu Jumamosi," akasema. "Nichagulie. Ila iwe ya kudumu, dada. Nataka hata Salehe aikute."

"Mimi niliyechagua kila kitu kilichomo nyumba hii," Chausiku akajibu, "unanifundisha kuchagua?"

Mansuri akampa uzi wenye mafundo mawili. Kati ya fundo na fundo ndio unene wa mtutu.

Mjini Chausiku alikuta ruksa imemtangulia sokoni. Pale alipozoea kupanga vyungu vyake pamejaa sufuria za alumini zinazong'aa kama mapaja ya maharusi, na ndoo za plastiki nyekundu na bluu. Wanawake aliowauzia miaka yote walipita wakamsalimia vizuri, kisha wakanunua sufuria. Mmoja alimwambia, "Bibi, hizi nyepesi." Chausiku akamjibu kwamba hata mavi ya mbuzi ni mepesi. Mpaka adhuhuri alikuwa ameuza vyungu viwili, na moyo wake umefura. Akawa na chuki na kila kitu chepesi, kipya na kinachong'aa. Kwa moyo huo akaenda Kihonda kumtafuta fundi.

Fundi aliitwa Godlisten, mtu wa kuja, kijana wa makamo mwenye miwani, akitengeneza saa, kamera na redio katika kibanda kilicholingana na kabati. Alimwamkia vizuri, akampa kigoda, akasikiliza haja yake. Kisha akatoa vitu viwili juu ya meza.

Kimoja kilikuwa kirefu, cheusi, kipya, kimekuja na sanduku lake la karatasi. Cha pili kilikuwa kifupi, kinene, cha shaba, kimechubuka rangi, kizito kama mchi.

Chausiku akavichagua kama achaguavyo chungu, maana njia nyingine hakuwa nayo. Akakigonga cheusi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kikalia kama debe bovu. Akakigonga cha shaba, kikaitika vizuri, mlio mmoja usiotetema. Akaomba maji.

"Maji ya kunywa, mama?"

"Ya kutumbukizia."

Fundi alinyakua kile cheusi akakipakata kama mtoto. "Hiki hapana, mama yangu! Kinavumilia mvua, lakini beseni hapana." Basi Chausiku akakitumbukiza kile cha shaba kwenye beseni la fundi, akahesabu mpaka arobaini, akakitoa, akakifuta kwa kanga, akachungulia. Hakuna hata tone lililoingia. Ndani palikuwa peupe, na mistari miwili imekatana katikati, na mwanamke aliyekuwa akianika nguo mbali kule njiani akaja mpaka Chausiku akaona kifungo kilichokatika kwenye gauni lake.

"Hiki," akasema.

Fundi akavua miwani. "Mama, nisikilize kwanza. Hiki sikukitoa ukifunge kwenye bunduki, nimekitoa kiwe cha kushika mkononi na kutazamia. Kimetoka kwenye mashine ya kupimia barabara. Mashine ile imesimama tu, haipigi teke. Ndiyo maana ukitaka kuona humu lazima ubandike jicho kabisa. Umeona ulivyobandika? Sasa bunduki hupiga teke. Ikipiga, chuma hiki chote kitamwingia mzee jichoni. Itamtoa jicho, mama. Hiki cheusi kimetengenezewa bunduki. Tazama: unaweka jicho mbali, vidole vinne, na bado unaona."

Akampa achungulie. Ni kweli, alikaa mbali na akaona. Lakini mkononi kilikuwa chepesi kama bua, na Chausiku akaona mbele yake sufuria zile zote za sokoni.

"Kina bei gani hicho chepesi?"

Fundi akataja. Kilikuwa ghali kupita cha shaba.

"Ahaa," Chausiku akasema.

Ile "ahaa" ndiyo iliyoharibu kila kitu. Alishamwona mwizi. Aliona kijana msomi anayemtisha bibi wa mlimani ili amuuzie plastiki.

"Nifungie hiki cha shaba. Unene wa mtutu huu hapa," akasema, akatoa uzi.

"Siwezi, mama. Kukuuzia nitakuuzia, mzee akishike mkononi atazame nguruwe yuko wapi, kisha akiweke chini apige. Kitamfaa. Lakini kibano cha kukifunga kwenye bunduki sitengenezi. Au mlete mwenyewe nimpime, tuelewane."

"Kwani mimi si mtu wa kuelewana naye?"

"Shikamoo, mama," fundi akasema kwa uchovu, ingawa alikwisha kumwamkia.

Chausiku akalipa, akafunga darubini kwenye ncha ya kanga, akaondoka. Pale Mkuyuni, kabla ya kupanda mlima, alipita kwa fundi baiskeli. Akampa uzi na kile chuma. Fundi baiskeli hakuuliza kitu. Alikata bati nene, akalikunja, akatia skrubu nne, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Njia nzima ya kupanda Chausiku alijisifu moyoni kwamba amemshinda yule wa mjini.

Mansuri alifurahi kama mtoto wa Idi. Alikigeuza, akakigonga yeye pia, akasema, "Hiki kitatuzika sote." Akakifunga kwenye bunduki, akakaza skrubu, akabandika jicho, akaitazama ng'ambo ya korongo, akaanza kuita: kisiki kile, ndizi zile zimeiva, kima yule ana mtoto mgongoni.

"Fundi alisemaje, dada? Kuna masharti yoyote?"

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili. Chausiku alifungua kinywa, na maneno ya fundi yalikuwepo, yote, kama alivyoyasema. Lakini kuyasema ni kusema kwamba kijana yule alimwonya na yeye akakataa; na Mansuri angecheka; na kesho yake angetaka kirudishwe, waletewe lile bua. Akaona labda pia si kweli. Mjomba wao alipiga bunduki hiyo maisha yake yote na teke lake lilikuwa la begani, si la usoni.

"Alisema ukaze skrubu," akajibu.

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Wewe ulitaka akupigie hotuba?"

Risasi za majaribio hazikuwepo. Basi darubini haikujaribiwa, ikangoja nguruwe.

Aliingia Jumatano moja baada ya alasiri, ukungu umeteremka mlimani mpaka mchana ukawa kama jioni. Chausiku alikuwa chini ya shamba akichuma majani ya maboga. Alimwona Mansuri akijipinda kwenye dungu kuelekea juu, kwa sababu nguruwe alitokea upande wa mlimani. Ukipiga kuelekea juu, kitako cha bunduki hukaa vibaya begani na uso husogea zaidi. Hayo aliyajua baadaye. Wakati ule aliona tu mgongo wa Mansuri na kichwa kilichoinamia bunduki, akasema moyoni, piga, mwanamume.

Bunduki ikalia. Nguruwe akaanguka palepale, risasi moja. Chausiku akapiga kigelegele.

Kigelegele kilikuwa bado mdomoni aliposikia, "Dada." Si kelele. Sauti ya mtu anayeomba maji. "Dada, njoo unishike, sioni pa kukanyaga."

Alipofika alimkuta amekaa, mkono umefunika upande wa kulia wa uso, damu inapita kati ya vidole na kushuka mpaka kiwiko. Darubini ilikuwa mahali pake. Haikulegea hata skrubu.

Walimteremsha kwa machela mpaka Mkuyuni, wakangoja lori la ndizi, wakafika hospitali mjini kesho yake asubuhi. Daktari alimtazama muda mrefu, akaosha, akashona nyusi. Jicho akasema halitaona tena. Wamshukuru Mungu kwa lililobaki.

"Ilikuwaje, mzee?" daktari akauliza.

"Ni mimi mwenyewe," Mansuri akasema. "Nilisogeza uso. Niliona nguruwe yuko karibu sana nikasogea kama mtoto. Bunduki ya miaka mingi hivi, nami nikaishika kama mgeni. Ni uzembe wangu."

Chausiku alikuwa amesimama mlangoni na kapu la uji. Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi. Akasema, mtu ana maumivu, si wakati wake. Atakapotoka. Alipotoka akasema, acha kidonda kifunge. Kidonda kikafunga, ikaingia Ramadhani, akasema, siwezi kumharibia mtu mfungo. Ramadhani ikaisha. Ukipita wakati wa kusema neno, neno lenyewe huanza kuzeeka ndani yako, na kila siku linakuwa gumu zaidi kulitoa, kama mzizi.

Na Mansuri alibadilika. Alikuwa mwezekaji hodari, nyumba nyingi za mtaa ule aliziezeka yeye. Akaacha. Mtu wa jicho moja hukosa kipimo cha pengo. Alinyoosha mkono kushika fito akashika hewa. Njiani alianza kutembea nyuma ya mkewe, Maimuna, yeye aliyekuwa akitangulia na panga. Na lililomuumiza zaidi si jicho. Lililomuumiza ni kwamba aliharibu kazi aliyoijua. Kila akisimulia alirudia neno lile, uzembe, uzembe wangu.

Watani hawakumwacha, ndiyo kazi ya watani. Abasi, mtani wao mkubwa, kila penye msiba au harusi alisimama akatangaza: "Mficheni nguruwe, Mansuri anakuja! Maana safari iliyopita walipeana: yeye kampa nguruwe risasi, nguruwe kaondoka na jicho!" Watu walicheka. Mansuri alicheka nao, akainamisha kichwa upande wa kulia ili lile jicho jeupe lisitazamwe. Chausiku alicheka pia, mara ya kwanza. Mara ya pili akainuka akaenda jikoni.

Kuhusu darubini yenyewe, watu waliisifu. Ilikaa juu ya bunduki mvua na jua, haikupata kutu, haikuingia ukungu, haikupata hata ufa. Mansuri hakupiga tena ila mara chache kwa kuwatishia kima, tena kwa kubabaisha tu, kitako kiunoni, risasi ikielekea mawinguni. "Dada alichagua," aliwaambia wageni. "Chombo hiki hakina lawama. Mwenye lawama ni mimi." Chausiku akisikia hivyo alikuwa radhi apigwe.

Ikapita miaka tisa hivi.

Mwaka wa tisa jicho lililobaki nalo likaanza kuona moshi hata karibu. Mansuri akasema basi, wakati umefika. Leseni ilikwisha badilishwa jina. Watu wa ukoo wakakusanyika nyumbani kwa Chausiku, maana yeye ndiye dada mkubwa na kitu kinakwenda kwa mtoto wake. Wazee walikuja, Abasi akaja kwa niaba ya watani, Maimuna akapika wali wa nazi. Salehe akakaa kwenye mkeka mbele ya mjomba wake. Wakati huo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, na mkewe mja mzito.

Mansuri aliishika bunduki kwa mikono miwili, akasema maneno yanayosemwa. Kwamba hii si mali ya kutafutia fahari. Kwamba huielekezi nyumba ya mtu. Kwamba nguruwe akiwa na watoto unaacha. Kisha akaongeza lake:

"Na mimi nikupe somo langu, mpwa wangu. Ukichungulia humu, bandika jicho vizuri, usiogope, lakini usilisukume. Mimi nilisukuma. Tulia na uso wako kama uko kwa kinyozi, nawe hutapata la kukupata. Hebu nionyeshe."

Salehe akaiinua. Akaweka kitako begani, akainamisha kichwa, akabandika jicho lake la kulia kwenye shaba.

"Hapo hapo," Mansuri akasema kwa kuridhika. "Hivyo hivyo. Nguruwe wako kule chini tangu jana, jioni utakwenda kuwafungulia msimu."

Chausiku alikuwa amebeba sinia. Aliona kope za mwanawe zinavyogusa chuma. Akaona ni jioni ya leo. Si baada ya Ramadhani wala kidonda kikishafunga. Ni leo, magharibi haijaingia.

"Salehe, toa jicho hapo."

Watu wakageuka.

"Mama, mjomba ananifundisha."

"Nimesema toa! Mjomba wako hajui anachokifundisha."

Mzee mmoja akakohoa. Abasi akasema, "Eh, leo mfinyanzi anataka kutufundisha na kuwinda!" Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha.

Chausiku akaweka sinia chini. Hakukaa. "Fundi wa Kihonda aliniambia," akasema. "Aliniambia hiki si cha bunduki. Ni cha mashine ya kupimia barabara. Aliniambia bunduki ikipiga teke itamtoa mtu jicho."

Mansuri alikuwa bado ameinua mkono aliokuwa akimwonyeshea mpwa wake. Akaushusha polepole.

"Rudia, dada."

Akarudia.

"Alikuambia kabla hujanunua, au ulirudi kuuliza baadaye?"

"Kabla."

"Na hiki kibano alikitengeneza yeye?"

"Alikataa. Nilikwenda kwa fundi baiskeli."

"Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikakwambia, kuna masharti? Ukasema nikaze skrubu."

"Nilisema hivyo."

"Ilikuwepo nyingine? Ya bunduki kweli?"

"Ilikuwepo. Mtu anaweka jicho mbali, vidole vinne. Niliiona nyepesi."

Mansuri akainua vidole vinne, akaviweka mbele ya uso wake, upande ule wa jicho lililokufa. Akavikalisha pale kama mtu anayepima kitambaa. Abasi alifungua kinywa, maana mtani hapaswi kuacha kimya kikae, kisha akakifunga, akatazama chini.

"Kwa hiyo sikusogeza uso," Mansuri akasema.

"Hukusogeza."

"Miaka tisa nalala na jambo hili. Miaka tisa namwambia kila mtu ni mimi. Na wewe umekaa hapo unanisikia."

Chausiku alitafuta kuni mbichi za kulaumu, hazikuwepo. Neno likatoka likimkwaruza. "Nimekosea, Mansuri. Nimekosea, ndugu yangu. Nisamehe."

Walikuwa hawajawahi kulisikia kwake. Maimuna alianza kulia, na haikujulikana anamlilia nani.

"Nimesikia," Mansuri akasema. Hakusema nimekusamehe. Alisema nimesikia. Kisha akamgeukia Salehe. "Leta bisibisi."

Skrubu zilikuwa zimeshikana na bati, zikachukua muda. Watu walikaa wakitazama mikono ya Salehe, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. Chuma kilipotoka, chini yake mtutu ulikuwa mweusi na mpya, kama siku aliyouacha mjomba wao. "Utapiga kwa macho yako," Mansuri akasema. "Yako bado yanaona." Salehe akauliza kile chuma kiwekwe wapi. "Mpe mwenyewe," akajibu.

Wali wa nazi ulipoa. Mansuri aliinuka, akamshika Maimuna bega, akaondoka bila kunawa mikono.

Watu walidhani atamkata dada yake, kumbe hapana. Kila lililompasa alilifanya. Chausiku alipougua homa alikuja na dawa. Mtoto wa Salehe alipozaliwa alikuja akamsomea dua. Njiani alisimama, akasema "Shikamoo, dada," akangoja aitikiwe, akapita. Lakini hakukaa tena barazani kwake kumtania, na hakumwita tena moshi wenye kelele. Alimpa heshima yote ya dada mkubwa, kamili, haikupungua hata punje. Chausiku angetamani atukanwe. Tusi lina mlango wa kutokea. Heshima ile haikuwa nao. Mara mbili alikwenda kwake kusema tena neno lile ambalo sasa alijifunza kulisema, na mara mbili Mansuri alimkatiza kwa upole: "Yamekwisha, dada. Karibu chai." Akanywa chai. Ilikuwa tamu, na hapakuwa na mazungumzo.

Msimu uliofuata mahindi yalibeba vizuri. Alasiri moja Chausiku alikuwa nyuma ya nyumba anakanda udongo, bunduki ikalia bondeni. Mikono ikasimama ndani ya udongo. Hakupumua. Alingoja mpaka akasikia sauti ya Salehe ikiita watu waje na kamba za kuburutia, sauti nzima, ya mtu mwenye furaha. Ndipo akashusha pumzi.

Kisha akasikia na ya Mansuri. Alikuwa amesimama chini ya dungu, anamzomea mpwa wake kwa utani, eti nguruwe kafa kwa kuogopa sura yake, si kwa risasi. Halafu kicheko. Cheko lile kubwa la zamani, la tumboni, alilokuwa hajalisikia tangu siku ile ya ukungu. Likapanda mlima mpaka mlangoni kwake.

Chausiku akanawa mikono upesi, akajifunga kanga, akafika mpaka kwenye ukingo wa kiwanja ambapo njia inateremka. Akasimama hapo. Akawaona wawili wale, wadogo, katikati ya mahindi, Mansuri akionyesha kwa mikono jinsi nguruwe alivyoanguka. Akangoja labda mmoja atainua kichwa amwite aje asikie.

Udongo ulianza kukauka kwenye kucha zake. Akarudi nyuma ya nyumba.